Hakuna Mtoto Atakayekua Bila Taarifa

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma, pamoja na wale wachache ambao bado hawajaelewa, kwamba tatizo la nguo za watoto wachanga na uharibifu wa mazingira limekwisha. Lilikwisha siku ya uzinduzi, kati ya hotuba ya Mkurugenzi Mkuu na vitafunio. Yaliyofuata ni utekelezaji, na utekelezaji, kama ajuavyo kila mtumishi wa umma, ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi wa Mzunguko katika Mamlaka ya Nguo Endelevu za Vichanga. Watu wakisikia neno "mzunguko" hudhani nashughulika na magari. Nashughulika na fulana. Kichanga, kwa asiyefahamu, kina tabia moja ambayo serikali zote zilizopita ziliifumbia macho: kinakua. Leo umekivika fulana, unageuka kuchemsha maji, ukirudi kitovu kiko nje kinapunga upepo. Fulana yenyewe bado nzima kabisa. Imekunywa maji shambani ilipokuwa pamba, imekunywa rangi kiwandani, imepanda meli, imevaliwa mara chache, imetapikiwa, basi, kazi imekwisha. Inatupwa, na mzazi anakwenda kununua nyingine. Jambo hili lilikuwa likimnyima usingizi Mkurugenzi Mkuu, hasa baada ya kusikia kwamba kuna bajeti ya kulishughulikia.

Mkurugenzi Mkuu ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kutangaza mvua. Watumishi wasio na adabu humwita Kipara Endelevu, kwa sababu hakina dalili ya kuisha. Siku ya uzinduzi alisimama mbele ya bango la kijani, akamtazama Waziri, akatutazama sisi, akasema, "Kuanzia leo, hakuna mtoto nchini atakayezidi nguo yake bila Mamlaka kuwa na taarifa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kisha kila mgeni akapewa fulana ya kichanga iliyoandikwa kifuani NIMEVAA YA MWENZANGU. Zilikuwa mpya, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya boksi, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Mwandishi mmoja wa habari, wa wale wanaokuja bila kunywa chai, akauliza kwa nini tumetengeneza nguo mpya ili kuwaambia watu wavae za zamani.

"Huwezi kuhamasisha nguo za zamani kwa kutumia nguo za zamani," Mkurugenzi Mkuu akamjibu kwa upole. "Wananchi watadhani hatuna fedha."

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Mtoto akizidi nguo yake, mzazi anaileta kwenye ghala la Mamlaka. Nguo inatathminiwa, inapewa lebo, inalazwa rafuni, na kupitia Kamati ya Vipimo inapangiwa mtoto mwingine anayestahili. Maduka yalizuiwa kuuza nguo mpya za vichanga bila kibali chetu, ili watu wasikwepe mzunguko. Na ile tabia ya mama mmoja kumpa mama mwenzake nguo mkono kwa mkono, bila tathmini wala lebo, tuliipa jina lake la kitaalamu, usambazaji holela, tukaipiga marufuku.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia nyumbani kwangu.

Nyumbani kwangu wakati huo kulikuwa na tumbo. Mke wangu, ambaye ni muuza dawa, alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na tumbo lilikuwa limefika pale ambapo lenyewe ndilo linaingia chumbani kwanza, kisha yeye. Jumamosi moja dada yangu akaja. Dada ni msusi, ana saluni yake nyuma ya kituo cha mafuta, na ameninyanyasa kwa upendo tangu nilipozaliwa. Siku nilipopata kazi ya kwanza ofisini alianza kuniita Serikali, na hajaacha. Alikuwa amejitwisha mfuko mkubwa wa mistari, zipu imekufa, umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Ule mfuko niliujua. Kila mtoto wa ukoo wetu amepita ndani yake. Kuna sweta ya njano ambayo ukifungua albamu ya familia utadhani sisi tuna mtoto mmoja tu, hakui, ila anabadilisha wazazi.

"Wifi, pokea," Dada akasema, akiutua mbele ya mke wangu. "Soksi ziko chini. Zile zenye masikio ya sungura zimebaki upande mmoja, lakini mtoto hajui kuhesabu."

Nikakohoa kile kikohozi cha mikutanoni. "Dada, samahani. Huu ni usambazaji holela."

"Huu ni mfuko."

"Kisheria ni mtandao usio rasmi."

Dada akamgeukia mke wangu. "Wifi, huyu ana homa?"

"Ilimwanza alipopandishwa cheo," mke wangu akasema.

Nikawaeleza kwa utulivu. Mimi ni Naibu Mkurugenzi wa Mzunguko. Siwezi kuzuia holela mitaani wakati holela imekaa sebuleni kwangu, imefungwa na kamba ya kiatu. Nitaupeleka mfuko ghalani, nguo zitatathminiwa, na mtoto akizaliwa tutaomba kama raia wengine na kupewa nguo safi, zenye lebo.

Mke wangu akaunyooshea kidole ule mfuko. "Yaani unazitoa hapa, unazipeleka kwenu, halafu unaniletea hapa hapa?"

"Ndiyo. Huo ndio mzunguko."

Hakusema tena. Ukimya ule niliutafsiri kuwa ridhaa. Dada naye alichukua mkoba wake, akasimama mlangoni, akaniambia, "Mdogo wangu, mtoto wako akija uchi usinitafute," akaondoka. Hilo nalo niliona ni maoni ya mdau.

Nilipoukabidhi mfuko ghalani, Mkurugenzi Mkuu alikuja mwenyewe na mpiga picha. Tulishikana mikono juu ya sweta ya njano. Picha ile ilitoka kwenye jarida la Mamlaka, chini yake pameandikwa: Uzalendo unaanzia nyumbani. Mke wangu aliibandika chooni.

Binti yetu alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha. Muuguzi aliponiwekea mikononi, nikiri kwamba kwa kitambo kifupi nilisahau cheo changu. Alikuwa amekunja ngumi mbili kama mtu aliyekuja na malalamiko, na alinikazia macho kana kwamba anauliza ni nani msimamizi hapa.

"Nguo za mtoto ziko wapi, baba?" muuguzi akauliza. "Shuka hili ni la hospitali."

"Mchakato unaendelea," nikasema.

"Mtoto ameshafika, baba. Mchakato mmeuacha njiani."

Ikabidi nivue shati. Lilikuwa shati langu la mikutano, jeupe, la mikono mirefu. Mke wangu alilikunja mara nyingi, akamzungushia binti yetu, akafunga kifungo cha juu. Mtoto akatokeza kichwa kwenye kola, hana nywele, macho mazito, mdomo wazi. Alionekana kama mjumbe wa bodi baada ya chakula cha mchana. Nilirudi nyumbani nimevaa koti juu ya fulana ya ndani, na dereva wa teksi alimuuliza mke wangu, "Mama, huyu ndiye baba yake?" akajibu, "Ndivyo tunavyoambiwa."

Maombi yetu yalipelekwa Kamati ya Vipimo siku hiyo hiyo, maana mimi ni mtu wa ndani na najua mlango wa kupita. Wataalamu walikuja, wakampima binti yetu urefu, upana na mzunguko wa kichwa, wakasifu kichwa, wakaondoka. Kamati ikakaa. Ikatoa kibali. Kibali kikaenda kwa mtathmini, kikarudi kwa Kamati kikiulizia rangi, kikaenda tena. Fulana ilipofika, ya ukubwa ule ule uliopimwa, binti yetu alikuwa amekwisha kunenepa, na ikaishia mabegani kama kitambaa cha kunawia.

Niliandika kwa Kamati kueleza changamoto hiyo. Nitasema haki, Kamati ilinielewa vizuri sana. Ikaamua kwamba kuanzia sasa vipimo vitazingatia makadirio ya ukuaji. Nguo iliyofuata ilikuwa ovaroli ya mtoto anayekwenda shule ya chekechea. Ilikuwa na mifuko ya penseli.

"Atakua tu," nikamwambia mke wangu.

Alimlaza binti yetu ndani ya ovaroli ile. Mtoto akazama. Ikabidi tumtafute kwa kupapasa, tukamkuta kwenye mguu wa kushoto, amelala.

Mke wangu akakaa kitandani. Sijawahi kumwona amechoka namna ile. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mume wangu," akasema, "mimi dukani siuziwi, kwa sababu sina kibali. Kibali kinatoka kwenu, na nyie mnapima mtoto kama mnajenga daraja. Usiku anapata baridi. Nenda kwa dada yako."

"Dada hana kitu tena. Mfuko niliukabidhi mwenyewe, kuna picha."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wale wanaokuja dukani kwake kuomba dawa ya kurefuka. "Na wewe unaamini dada yako alikuwa na mfuko mmoja?"

Nilikwenda saluni jioni, wateja wa mwisho wakiondoka. Nilivaa miwani ya jua. Dada alikuwa anafagia nywele zilizobaki sakafuni.

"Karibu, Serikali."

"Nimekuja kikazi," nikasema. "Kuna upembuzi yakinifu tunaufanya."

"Pembua."

Akaendelea kufagia. Nilitazama vioo, nikatazama mabeseni, nikatazama draya tatu zimejipanga ukutani kama kofia za wanaanga. Dada hakuinua kichwa.

"Dada," nikasema hatimaye, "mtoto anavaa shati langu."

Fagio likasimama. "Shati lipi?"

"La mikutano."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipofuta machozi aliniambia nifunge mlango, kisha akasogeza maboksi ya nywele bandia. Nyuma yake palikuwa na rafu, na rafuni nguo za vichanga zimekunjwa kwa usafi ambao ghala letu, pamoja na wataalamu wake wote, halijawahi kuuona. Wanawake walikuwa wakija kusuka na kuacha zilizowabana watoto wao, wakaondoka na zinazowatosha. Wakati sisi tuko semina ya mzunguko, mzunguko ulikuwa unazunguka hapa, chini ya draya.

Nilikuwa nimeshika kofia ndogo ya bluu, nafikiria furaha ya mke wangu, mlango ukagongwa. Dada akanisukuma kwenye kiti, akanishushia draya kichwani, akarudisha maboksi. Akafungua.

Aliingia mtu mnene aliyevaa miwani ya jua na kofia pana. Akakaa kwenye kiti cha kusukia bila kuangalia kando.

"Karibu, baba," Dada akasema. "Tunakufanyia nini?"

"Nywele," yule mtu akasema kwa sauti ya kutangaza mvua.

Dada akamvua kofia. Taa ya saluni ikaangukia kile kipara, ikarudi juu, ikaenea ukutani. Dada alikitazama kwa heshima zote.

"Za nani?" akauliza.

Mkurugenzi Mkuu alijiinamia. Kisha, kwenye kioo, akaniona.

"Naibu."

"Mkurugenzi Mkuu."

"Unafanya nini hapa?"

"Nakauka, mzee."

"Vizuri," akasema. "Endelea."

Tukakaa kimya, kama tunavyokaa kwenye vikao vya menejimenti. Dada aliweka mikono kiunoni, akatutazama mmoja mmoja, na ndipo bosi wangu alipovua miwani. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama," akamwambia Dada, ingawa anamzidi umri, "mke wangu amejifungua. Mapacha. Hatukutarajia hata mmoja. Watoto wetu wakubwa wako chuo kikuu, nyumbani hatuna hata bibu ya kufutia udenda."

"Hongera, baba! Sasa si uombe pale kwenye Mamlaka? Nasikia wana ghala zima."

"Nimeomba."

"Wakasemaje?"

"Maombi yanasubiri saini."

"Ya nani?"

"Yangu," Mkurugenzi Mkuu akasema. "Lakini siwezi kusaini maombi yangu mwenyewe. Ni mgongano wa maslahi."

"Si asaini huyu Naibu wako?"

"Naibu husaini kwa niaba ya Mkurugenzi Mkuu," nikaeleza kutoka chini ya draya. "Ambaye ndiye yeye."

Dada alituelewa, au alituhurumia. Akakaa karibu na bosi wangu, akauliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinisemesha nayo nilipoumwa utotoni, "Na sasa hivi wamevaa nini, baba?"

"Mmoja amevaa soksi yangu ya kuchezea mpira. Inamfika kwapani."

"Na wa pili?"

"Soksi ya pili."

Hapo sikuweza kumtazama. Mtu ninayemheshimu, ambaye saini yake inaweza kusimamisha meli bandarini, alikuwa anafuta pua kwa taulo la saluni. Dada hakucheka. Alikwenda nyuma ya maboksi, akarudi na nguo nyingi mkononi, akazipanga kwenye mifuko miwili: fulana, soksi, kofia, nepi za kitambaa, na vile viblanketi vyepesi. Kila mmoja wetu akampa wake.

"Zikiwabana, unafua, unarudisha," akasema. "Nguo safi, si ya kunusanusa. Na wewe, Serikali, hivyo hivyo."

"Risiti tunapata wapi?" Mkurugenzi Mkuu akauliza.

"Hakuna risiti."

"Sasa bila risiti nitajuaje kama nimerudisha?"

"Mimi nitajua."

Alikuwa bado anatafakari mfumo huo wa ajabu mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Aliingia Bi Koleo, mkaguzi wetu wa mitaa, na vijana wake wawili na kamera. Jina lake la kazini ni refu, lakini tunamwita Koleo kwa sababu akishika, mpaka umkate. Wiki ile ile Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameidhinisha Operesheni Vua Holela, na akasisitiza kwamba maofisa wasitishwe na sura ya mtu.

"Msiguse kitu," Bi Koleo akasema. Akachungulia mifuko. Akamtazama bosi wangu. Uso wake haukubadilika.

"Mkaguzi," bosi wangu akasema akisimama taratibu, "unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Ndiyo maana nakuomba kwa adabu uuweke mfuko chini."

"Nipo kwenye ukaguzi wa kushtukiza."

"Ukaguzi wa kushtukiza unahitaji idhini ya Mkurugenzi Mkuu."

"Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu!"

"Umejiidhinisha?"

Bosi wangu alifungua mdomo. Nikaona mgongano wa maslahi ukipita usoni mwake kama kivuli cha ndege. Akaufunga.

Vijana wakaichukua mifuko yote miwili, na Bi Koleo akasoma kanuni kwa sauti. Mtoaji wa nguo holela, kwa kuwa mara nyingi ni mama mwenye nia njema, hupewa elimu. Mpokeaji, ambaye ndiye chanzo cha tamaa, hufanya kazi ya jamii ghalani, kufua nguo zilizokusanywa mpaka zitakapokwisha, kwa mkono na kwa maji baridi, na kuzianika juani, kwa kuwa mashine hula umeme na huharibu mazingira. Ni kanuni nzuri. Lugha yake imenyooka. Tuliitunga mimi na Mkurugenzi Mkuu kwenye hoteli moja yenye mashine za kufulia.

Dada akapewa elimu. Ilikuwa kipeperushi kimoja, akafungia kitana.

Usiku ule bosi wangu alimpigia Waziri. Waziri alikuwa ameshaitazama video ya saluni, kama nchi nzima, na siku iliyotangulia alikuwa amesema kwenye runinga kwamba sheria haina bosi. Alisema anajivunia kuwa na kiongozi anayejitolea kuwa mfano. Alimtakia ufuaji mwema.

Hivyo tukaanza kufua. Ghala lilitoa nguo zake, zikamwagwa kwenye uwanja wa makao makuu, zikawa kilima. Kamba tulitumia nyaya za mfumo wa kompyuta wa ghala, ambao kila kikao uliripotiwa kuwa katika hatua za mwisho za kufungwa. Mkurugenzi Mkuu alikunja mikono ya shati, akachutama mbele ya beseni, akamimina sabuni, akasubiri. Nadhani alidhani kuna hatua inayofuata ambayo inafanywa na idara nyingine.

"Sugua, mzee," nikamnong'oneza.

"Upande upi?"

Akina mama walisimama kwenye uzio wakicheka hadharani. Siwalaumu. Siku za mwanzo bosi wangu alichana shingo za fulana kwa nguvu alizoziweka, na mimi niligeuza kamba nzima kuwa ya waridi kwa soksi moja nyekundu. Lakini jua lilikuwa jema, na nguo zikaanza kukauka, safu kwa safu, mikono midogo ikipunga upepo.

Ndipo mama mmoja mwenye mtoto kiunoni akaingia getini. Aliinyooshea mkono suruali ndogo ya kijivu, akaipima kwenye miguu ya mtoto, akauliza, "Hii imekauka?"

Nilitafakari kisheria. Nguo iliyoko kwenye kamba haiko ghalani, na haijatolewa kwa mtu. Iko katika hatua ya ukaushaji, na hatua ya ukaushaji hatukuwahi kuitungia kanuni.

"Imekauka," nikasema.

Akaichukua. Kabla ya kuondoka akamvua mtoto ile iliyombana, akaitupia kwenye beseni la Mkurugenzi Mkuu. Siku iliyofuata walikuja wengi. Mke wangu naye alikuja, binti yetu akiwa bado kwenye shati, akazunguka kamba kama mtu aliyeingia dukani kwake, akachagua fulana mbili na sweta, akambadilishia hapo hapo mbele yangu. Miguu ya binti yangu niliiona mchana kweupe kwa mara ya kwanza. Alipiga mateke hewani kwa furaha, na mke wangu akanirudishia shati, likiwa limelowa.

"Hilo nalo lifue," akasema, lakini alikuwa anacheka, na ilikuwa zamani sana sijamwona hivyo.

Kuhusu mapacha, wasomaji wasiwe na wasiwasi. Mke wa Mkurugenzi Mkuu alikwenda kusuka nywele kwa Dada, na wanasema alitoka na nywele zile zile na kikapu kizito.

Haukupita muda mrefu ghala likabaki tupu. Uwanja ulijaa kila asubuhi, wengine wanaleta, wengine wanaondoka nazo, hakuna Kamati, hakuna lebo. Waziri alipopita aliona maajabu hayo, na wiki hiyo hiyo akaenda kwenye mkutano wa kimataifa kueleza ubunifu wake alioupa jina la Mfumo wa Kamba. Alirudi na ngao ya kioo. Akavunja Kamati ya Vipimo, akamteua Bi Koleo kukaimu ofisi ya Mkurugenzi Mkuu, akasifu usafi wa uwanja.

Bosi wangu aliuliza, kwa unyenyekevu, lini atarudi ofisini, maana kilima kimekwisha. Waziri alishangaa. Tathmini huru ilikuwa imeonyesha kwamba katika Mamlaka nzima kitengo chenye tija ni kimoja, nacho ni beseni. Kumwondoa hapo kungekuwa kuhujumu mazingira. Akaongezewa sabuni na mwavuli, na mimi nikathibitishwa kuwa Naibu wake wa Kusuuza.

Leo asubuhi nilikuwa nakamua viblanketi alipokuja mama mmoja mdogo, mtoto wake amelala begani. Alichukua fulana kwenye kamba, akaigeuza, akaisogeza machoni. Hakuwa na habari anaongea na nani, na nadhani asingejali.

"Baba," akamwambia bosi wangu, "hii bado ina maziwa hapa shingoni. Rudia."

Mkurugenzi Mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama shingo ile kwa makini ambayo sijawahi kumwona akiitazama bajeti, akachutama, akairudisha kwenye beseni, akarudia.